Tata wa Vipimo na Ukuta wa Kaskazini

Tata wa Vipimo, yaani baba wa vipimo kama tulivyomwita, aliuogopa ukuta wa kaskazini, na hakuona haya kulisema. Katika shimo la shaba kila mwanaume hutembea kana kwamba shimo ni la baba yake. Yeye alipita chini ya ukuta ule kwa hatua fupi za haraka, kichwa juu, kama mtu anayepita mbele ya ua lenye mbwa mkali. Wageni kazini walimcheka.

"Mucheke tu," aliwaambia. "Mi minaogopa ku nafasi yenu bote. Hii njo kazi yenye balinipatia."

Ukuta ule ulikuwa ubavu wa shimo lenyewe, udongo mwekundu na mwamba uliokatwa ngazi juu ya ngazi. Shimo letu lilikuwa dogo kuliko mashimo ya jirani, yale ya Mashamba, lakini mtu aliyesimama chini hakuhisi udogo wowote. Juu, ukingoni, kulikuwa na nyufa. Kila ufa ulivukwa na waya wa chuma ulionyooshwa kutoka kigingi hadi sanduku. Ufa ukipanuka, waya unavutika, na sanduku linatuma umeme kidogo kwa kebo hadi kwenye kontena lililokuwa ofisi yetu. Ndani ya kontena, kadi moja ya kijani, ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, iliyochomekwa ndani ya kompyuta kuukuu, iligeuza umeme ule kuwa namba. Namba zikianza kukimbia, king'ora kinalia, na walio chini wanapanda.

Walio chini walikuwa watu wa pampu, madereva wa malori, na wachimbaji wa mkono waliotoka kila pembe ya Kongo na kuingia kila asubuhi kwa tundu la uzio ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyeliona. Wote hao walikuwa salama kadiri kadi ile ilivyosema kweli. Na kadi ile ilitengenezwa na kiwanda ambacho hakipo tena.

Mimi nilikuwa mhandisi wa kompyuta. Nilitoka chuo kikuu, Lubumbashi, nikiwa na diploma, tai mbili, na imani kwamba kitu chochote kilichozidi miaka kumi ni takataka. Tata wa Vipimo alikuwa na zaidi ya miaka kumi, na kadi yake pia. Aliniita Ingenieri tangu siku ya kwanza, kwa heshima kubwa. Ilinichukua muda kutambua kwamba ilikuwa heshima ya mtu anayesubiri kuona.

Hakukaa kamwe mbele ya kompyuta. Alisimama, mikono nyuma, kama aliyeitwa ofisini kwa mkubwa. Kiti kilikuwepo, lakini kilibeba mafaili. Nilipomwuliza sababu alisema mtu akikaa anaanza kuamini. Chakula hakikuingia ndani ya kontena. Saa nne alitoka kwenda kula bukari, ugali wake, na samaki mkavu karibu na ghala la mabomba, na yeyote aliyekuja na mkate mkononi alibaki nje ya mlango hata kama alikuwa na jambo la haraka. Siku moja mkurugenzi, mgeni kutoka ng'ambo, aliweka kikombe cha kahawa juu ya sanduku la kompyuta. Tata wa Vipimo alikichukua bila neno, akatoka nacho, akakiweka juu ya boneti ya gari la mkurugenzi mwenyewe, kisha akarudi kuendelea kueleza habari za nyufa pale alipoachia. Mkurugenzi alimaliza ziara ile akiwa mpole sana.

Neno alilolichukia kuliko yote lilikuwa "kawaida". Sisi wa ofisini tulilipenda, kwa kuwa linajaza nafasi kwenye ripoti bila kumsumbua mtu. Hali ya ukuta: kawaida. Alikuwa analifuta kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: kawaida ya nani? Na mtu akimletea habari njema kuhusu ukuta, jibu lilikuwa moja miaka yote.

"Mi shitaki namba muzuri. Mi nataka namba."

Chini ya meza, mahali watu wengine wanapoweka viatu, aliweka kompyuta tano zilizokufa. Kompyuta za sasa hazina tundu la kuchomeka kadi kama ile, kwa hiyo kila iliyofungwa ndani ya kontena ilipochoka, aliitibu kwa viungo vya marehemu. Moja ilitoka katika zahanati. Nyingine ilitoka shule ya masista, na ndani yake yalibaki majina ya wanafunzi na alama zao za hesabu. Alizisoma zote, akasikitika kwa siku nzima juu ya msichana mmoja aliyepata tatu.

Safari yake maarufu zaidi ilikuwa ya Dilolo, kule mpakani na Angola. Alikuwa amesikia kwamba katika ghala la mfanyabiashara mmoja kuna kompyuta yenye matundu mawili ya namna yetu, imetupwa chini ya magunia. Akaomba ruhusa kwa sababu za kifamilia. Alikwenda kwa treni na akarudi kwa lori, maana treni haikuwa na haraka ya kurudi. Kompyuta aliipakata njia nzima, ameifunika kwa kitenge cha mke wake. Mama mmoja mfanyabiashara, aliyekaa mbele yake juu ya mizigo, alivumilia hadi siku ya pili.

"Tata, ule mugonjwa eko nani?"

"Haiko mutu, mama. Ni ordinateri."

"Juu ya nini unaifunika mupaka kichwa?"

"Vumbi."

Mama akatazama kitenge, akatazama vumbi lililomjaa yeye mwenyewe kwenye nywele. "Bwana yangu tuko naye miaka makumi mbili," akasema, "hata siku moja hajanifunikaka vile."

Lori zima likacheka, na hadithi ikafika Manika, mtaani kwao, kabla ya kompyuta. Mke wake alidai kitenge chake mbele ya majirani. Alikipata kikiwa na doa la mafuta, na kwa miezi kadhaa alimtambulisha mumewe kwa wageni kuwa ndiye yule aliyeoa kwa mara ya pili Dilolo.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Mtu huyu ambaye asingekupunguzia nusu milimita hata ungemkaba koo, alidanganya kuhusu umri wake bila kupepesa macho. Makaratasi yake yalikuwa na miaka mitatu tofauti ya kuzaliwa, na kila ofisi ya wafanyakazi ilipomjia na habari za kustaafu, alitoa ule uliofaa siku hiyo. Kanisani kwao, kwa Waprotestanti, aliongoza kwaya, naye hakuweza kushika mapigo. Alipima kila kitu duniani isipokuwa wimbo. Waimbaji walijifunza kumtazama kwa upendo na kutomfuata. Na alikuwa na kiburi. Ukimwonyesha kosa lake alilikubali mara moja, ila kwa sauti ya mtu anayekusamehe.

Sasa nifike pale ninapotajwa mimi, mahali ambapo kwa muda mrefu nilipasimulia nikiwa nimejiondoa.

Mwaka ule kompyuta ya kontena ilianza kujizima mchana, joto likipanda. Kampuni ikaleta mpya, pamoja na sanduku la nyongeza lenye tundu la kuchomeka kadi. Kadi iliingia vizuri. Lakini mfumo wa kompyuta mpya haukuwahi kusikia habari zake. Ili viwili hivyo vielewane inahitajika programu ndogo ya kusimama katikati, ambayo sisi mafundi tunaiita piloti. Piloti ya zamani ilikataliwa kabla hata haijasalimu. Nikapewa wiki tatu niandike nyingine.

Niliandika. Shida ikawa kwamba kompyuta mpya ilikuwa na haraka kuliko kadi. Iliomba namba wakati kadi bado inapima, ikapata kimya, na programu yangu ikaanguka. Ilianguka mara kumi kwa siku. Ijumaa ya mwisho, adhuhuri, nikiwa na njaa na mkurugenzi akitarajiwa Jumatatu, niliongeza mstari mmoja tu: kadi isipojibu, rudia namba ya mwisho iliyopatikana. Nilijiambia nitautoa nikishakula. Nilikula vizuri, nikarudi, nikakuta programu haijaanguka hata mara moja, nikafurahi sana. Nikaandika katika ripoti kwamba mfumo mpya unafanya kazi sawasawa.

Jumatatu asubuhi kontena lilijaa watu. Nilikuwa nimevaa ile tai nzuri zaidi. Nilionyesha ukutani picha ya mwendo wa ufa mkubwa kwa siku nne, mstari mmoja wa bluu ambao tangu Jumamosi ulikuwa umenyooka kama meza.

"Tazameni utulivu huu," nikasema.

Walitazama. Tata wa Vipimo alikuwa nyuma yao wote, amesimama kama kawaida yake.

"Ingenieri," akasema, "mu hii mustari, jua iko wapi?"

Nilidhani anauliza hali ya hewa. "Nje, Tata."

Watu wawili walicheka. Yeye hakucheka.

"Waya ni ya chuma. Jua ikipanda, waya inarefuka. Jua ikishuka, inarudia. Kila siku kuko kamugongo kadogo hapa, mu saa munane. Miaka yote kako. Juzi hakako. Jana hakako. Jana jua haikutoka?"

Mkurugenzi alisema kwa upole kwamba labda mashine mpya ni makini zaidi.

"Mashini makini haimalizake jua, Shefu," akajibu, akachukua kofia yake ya chuma, akatoka.

Mimi sikutoka. Zilikuwa zimebaki kurasa nne za maelezo yangu, na nilizisoma zote. Walipoondoka ndipo nikafungua faili lenyewe la namba, siyo picha. Jumamosi, saa tano asubuhi: namba. Dakika iliyofuata: namba ileile. Nikateremsha ukurasa. Ileile, hadi tarakimu ya mwisho. Nikateremsha tena na tena, na hadi asubuhi ile ilikuwa ni namba moja. Kadi ilinyamaza tangu Jumamosi. Kwa karibu siku mbili nzima ukuta ulikuwa peke yake, na programu yangu ilikuwa ikijisomea ile ya mwisho kama mtoto aliyekariri.

Nilikimbia hadi ukingoni. Nilimkuta amelala kifudifudi, mkono umezama ndani ya ufa hadi begani.

"Ijumaa iliingia kiganja tu," akasema bila kugeuka. "Ingiza mukono yako na weye."

Niliingiza. Ndani kulikuwa na ubaridi, na vijiwe vidogo vilikuwa vikiporomoka polepole kwenda chini, kimoja, kimya, kimoja, kimya. Nilisikia sauti yavyo kupitia mfupa wa mkono kabla ya kuisikia kwa sikio.

King'ora kilikuwa kimefungwa kwenye programu yangu, na programu yangu haikuona kitu. Kukipiga kwa mkono kulihitaji ufunguo wa shefu wa shimo, msimamizi wa kazi za kila siku. Alikuwa mtu mwenye sauti kubwa na hofu ya simu za wakubwa. Tulimkuta kibandani kwake, juu ya njia ya malori.

"Ordinateri inasema nini?" akauliza.

"Inasema ukuta umetulia," nikasema.

"Basi."

"Haisemi kweli. Kadi imenyamaza tangu Jumamosi. Ni mimi niliyeijaza maneno."

"Na mu rapori ya Ijumaa, weye njo uliandika kama iko sawa?"

"Mimi ndiye."

"Na leo asubui, mbele ya mukurugenzi?"

"Mimi."

"Ingenieri, unataka nisimamishe shimo muzima juu ya mukono ya muzee, na weye mwenyewe umesema mara mbili ukuta ni muzuri?"

Tulipogeuka kumtafuta mwenye mkono, hakuwepo. Alikuwa ameanza kuteremka njia ya malori kwa miguu.

Nilimfikia kwenye kona ya kwanza. Alikuwa amesimama mbele ya lori lililokuwa likishuka tupu, mkono mmoja juu ya bampa, akizungumza na dereva aliyening'inia dirishani.

"Geuza, uweke gari mu kati ya njia. Hakuna mwengine ashuke."

"Na karatasi gani, Tata? Batanifukuza."

"Ndiyo. Banakufukuza uko muzima."

Dereva alifikiri kidogo, akauma mdomo, akaligeuza lori na kuliweka likiwa limekinga njia. Malori yaliyokuwa chini yalielewa yenyewe, yakaanza kupanda hadi pale, na madereva wakashuka wakitukana kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiluba. Watu wa pampu walitazama juu, wakazima mashine. Waliobaki ni wachimbaji wa mkono, na wao walikuwa mahali pabaya kuliko wote, kwenye miguu ya ukuta, ambako udongo ulikuwa mlaini na madini karibu.

Kapita wao, mkubwa wa kikosi, alikuwa mtu mpana aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye jua. Alituona tukija, akaegemea sururu yake.

"Tata ya kuogopa amekuya," akawatangazia wenzake. "Leo unaogopa nini?"

"Leo shiogope," akasema Tata wa Vipimo. "Leo minajua. Ukuta inakuya. Mupande."

Walicheka, lakini siyo kwa furaha. Kampuni ilikuwa imewahi kuwatimua kwa maneno hayohayo, na walipotoka wakakuta uzio umezibwa na hakuna jiwe lililoanguka.

"Mwezi wenye ulipita balinitumia imbwa," akasema kapita. "Leo bananitumia muzee. Enda ubaambie tumekataa."

Nilifungua mdomo kueleza habari za kadi na kompyuta. Tata wa Vipimo alinigusa kifuani kwa nyuma ya mkono, nikaufunga. Kisha akafanya jambo ambalo sijamwona mhandisi yeyote akilifanya, mimi nikiwa wa kwanza katika orodha hiyo. Alichagua gunia la mawe la kapita mwenyewe, chini kabisa ya ukuta, akakaa juu yake. Ndiyo siku pekee nilipomwona amekaa kazini.

"Weye panda," akamwambia kapita. "Kule yulu, pa ufa kubwa, ingiza mukono yako. Kisha ufanye yenye unataka. Mi nakuchungia nafasi yako."

"Na kama ni bongo, kama unanidanganya?"

"Kama ni bongo, mi niko hapa. Utanikamata."

Kapita alimtazama, akatazama juu. Akaweka sururu chini, akaondoka.

Kupanda kulichukua kama nusu saa. Nimejaribu mara nyingi kuandika nusu saa ile, na kila mara najikuta nimejipa ujasiri ambao sikuwa nao. Ukweli ni kwamba nilisimama kando yake kwa sababu miguu yangu haikukubaliana iende upande gani. Wachimbaji waliendelea kugonga, lakini polepole. Vijiwe vilianguka, vidogo, kimoja kimoja, na kila kimoja kilipoanguka sururu zote zilisimama. Tata wa Vipimo alikuwa akivihesabu.

"Tata, twende," nikasema.

"Nikisimama, ni mi muongo," akajibu, macho mbele.

Kapita hakushuka tena hadi chini. Alitokea kwenye kona ya njia, juu yetu, akavua ile kofia ya sufu na kuipunga mara moja. Hakupiga kelele. Wenzake waliacha magunia, wengine waliacha hata viatu, na tukapanda wote, Tata wa Vipimo akiwa wa mwisho, kwa zile hatua zake fupi.

Ukuta haukuanguka siku ile. Hilo watu husahau kulisimulia. Jioni mkurugenzi alipiga meza. Shefu wa shimo alisema hadharani kwamba mzee amezeeka na mhandisi amechanganyikiwa. Wachimbaji walikaa nje ya uzio wakiimba nyimbo zenye jina langu. Asubuhi iliyofuata malori yalikuwa yamejipanga, injini zinanguruma, yakisubiri amri ya kushuka, na amri ilikuwa imeshaandikwa. Tata wa Vipimo alikuwa ukingoni tangu alfajiri na futi yake ya chuma, akipima na kuandika kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu. Shefu wa shimo alikwenda kumwondoa. Alimkuta, akatazama kiganja, akarudi na ile amri ikiwa imekunjwa mfukoni. Alasiri ngazi tatu za ukuta wa kaskazini zilishuka kwa pamoja. Vumbi lilipotulia, pale palipokuwa na magunia palikuwa na kilima. Hakuna aliyekufa.

Ripoti ilisema mfumo mpya wa vipimo uligundua mwendo wa ukuta kwa wakati. Niliitia saini. Yeye aliombwa kutia saini kama shahidi, akaitia pia, akanirudishia kalamu.

"Muandike yenye munataka," akasema. "Lakini ile mustari yako, Ingenieri. Uitoe leo. Mbele ya kula."

Niliutoa. Akanisimamia nyuma, nikaandika kwamba kadi isipojibu skrini nzima igeuke nyekundu na king'ora kilie. Programu yangu ikarudi kuanguka mara kumi kwa siku, na kila ilipoanguka alitikisa kichwa kwa kuridhika. Baada ya hapo hakunisemesha kwa wiki tano, isipokuwa kwa namba. Asubuhi nilisema "Jambo, Tata," naye alijibu, "Saba nukta mbili."

Hatimaye ofisi ya wafanyakazi ilimshinda. Ilikusanya miaka yake yote mitatu ya kuzaliwa, ikachagua mmoja, ikamuaga kwa keki. Hakuacha mchoro wowote wa waya zake. Zote zilikuwa kichwani mwake, na nadhani ilikuwa makusudi: aliyetaka kumsahau ilibidi asahau na ukuta.

Mwaka jana nilimfuata nyumbani kwake, Manika. Teksi-moto, ile pikipiki ya abiria, iliniteremsha mbele ya kanisa lao, na mke wake akanipeleka uani. Mzee alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba, macho yake yamefunikwa na utando mweupe. Alinijua kwa kikohozi.

"Ingenieri. Umenenepa."

"Umejuaje, Tata?"

"Kiti imelia."

Nilimweleza shida yangu. Kompyuta zimebadilishwa tena. Mfumo wa sasa haukubali piloti yoyote isiyo na saini ya kiwanda kilichotengeneza kadi, na kiwanda kimekufa, kwa hiyo hakuna wa kusaini. Nimejaribu kila mlango. Ile kompyuta inayotubeba hadi leo imeanza kunuka kuungua, ukuta mpya wa kaskazini una ufa wenye umri wa miezi miwili, na shefu wa sasa anataka mambo yakamilike wiki hii.

Alisikiliza hadi mwisho, kichwa kikiwa upande.

"Juu ya nini unaipatia mashini mupya kadi?"

"Ili isome namba."

"Ipatie namba. Kadi uache na mashini ya zamani. Kuko ile ya Dilolo?"

"Iko."

"Ifunge kule kwa ukuta, peke yake, isijue kitu ingine. Ipime. Kisha ipitishe namba kwa kamba mupaka kwa ile mupya. Mupya hana lazima ya kujua kadi ni nini."

Diploma yangu ilikuwa imehangaika wiki tatu bila kulifikia wazo hilo. Nilitoa daftari. Akanitajia waya zote, kigingi kwa kigingi, rangi kwa rangi, ipi inapenda kulegea mvua ikinyesha, ipi inadanganya asubuhi. Niliandika kurasa tano, na alinifanya nimsomee zote. Kuzifungua na kuzifunga upya kungechukua siku mbili.

Nilisimama kuaga.

"Mu zile siku mbili," akasema, "ukuta haina macho."

"Ndiyo, Tata. Shefu amekubali. Watu wote watapanda."

"Beko bangapi?"

"Chini?" Nilifikiri. "Pampu ni sita. Madereva kumi na kitu. Na wachimbaji. Kama arobaini hivi, kwa jumla."

"Kama."

Nikarudi kukaa.

"Ukibaita bapande," akasema, "na mutu moja abakie nyuma ya jiwe analala, utajua namna gani?"

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alinitazama, akalirudisha ndani.

"Usifungue waya hata moja," akasema Tata wa Vipimo. "Enda uhesabu kwanza."

Nilikwenda. Jua lilikuwa kali na ukingo ulikuwa na upepo. Nilisimama na daftari, nikaanza na wale wa pampu, nikaenda kwa malori, kisha kwa wachimbaji walioinama, ambao ni wagumu kuhesabu kwa sababu wanafanana na udongo. Nilifika arobaini na moja. Ndipo mtu mmoja akatokea nyuma ya tangi, anafunga suruali, akanyoosha mgongo, akarudi kazini.

Nikafungua ukurasa mpya, nikaanza tena kwa wale wa pampu.